Binti ana B pleni na mkebe wa sarafu: digrii, poli, ama tungoje Marekani?

MamaWanja_Nax

Wazazi wenzangu habari zenu. Mimi huwa nasoma tu naenda zangu lakini leo nimekwama, nataka mawazo ya watu wamepitia hii kitu, ya majirani nimeshashiba. Binti yetu wa kwanza alipata B pleni KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, tukashukuru Mungu, jogoo akachinjwa, na tangu hapo hii nyumba ya Kiamunyi, Nakuru, haina amani kwa sababu kila mtu kwa ukoo ako na kosi ameshamchagulia na potali ya KUCCPS, wale wa kupanga watoto kwa vyuo, haingoji mtu.

Gredi ni hivi, Historia A mainasi, Biashara pia A mainasi, Kiswahili B plasi, Hesabu na Fizikia C plasi. Si mtoto wa udaktari na hajawahi kutaka.

Baba yake anataka aende Kisumu National Polytechnic, diploma ya umeme, anasema wenye digrii ndio hao wanauza smokie kwa steji. Mimi nilikua naona Ualimu pale Egerton, Njoro ni hapa tu, analala kwake anapanda matatu asubuhi, pesa ya hosteli inabaki. Mwenyewe naye amekuja na kitu inaitwa Information Science ya Moi University, mambo ya maktaba na kuhifadhi rekodi, ati hiyo ndio nafasi ya kwanza na hizo zingine tujaze venye tunataka. Halafu mjomba wake ako Dallas anapiga simu usiku akisema tusimkimbize, angoje mwaka mmoja aombe vyuo vya Marekani maana huko wanaangalia mtoto mzima, hobi na kila kitu.

Na kwa hobi ndio vita inaanzia. Huyu msichana anakusanya pesa za zamani. Alianza na zile senti kumi za East Africa zenye shimo katikati na pembe mbili za ndovu kando ya shimo, babu yake wa Bahati alikua amezifunga kwa kamba kama shanga, akampa. Saa hii ni mkebe mzima wa biskuti, kila sarafu ndani ya kale kapakiti kadogo ka njugu, na kila pakiti iko na karatasi ameandika nchi, mwaka, nani alimpa, na kama kuna alama yoyote. Halafu kuna daftari la kurasa mia mbili ambalo hizo zote zimeandikwa tena kwa mistari, na ukihamisha moja anajua. Baba yake anasema huo muda angeutia kwa Hesabu angekua na B ya Hesabu.

Sasa naomba mnilinganishie hizi njia nne, na mniambie kama hobi inafaa kuingia kwa haya mazungumzo ama tuiweke kando kwanza.

BabaCollo_Kondele

Mama Wanja, mimi niko upande wa mzee. Omera wacha niseme ukweli, kijana wangu alikua na C pleni akaenda poli akafanya umeme, hata kabla amalize atachmenti alikua anaitwa na watu kuweka solar huko Ahero na Muhoroni, na hiyo ni pesa ya kila wiki sio ahadi. Tena usiogope ati ni msichana, kina mama wakiwa peke yao kwa nyumba wanapenda fundi msichana kuliko mwanaume hawamjui.

Karo ya TVET, yaani vyuo vya ufundi, za serikali kwa mfumo mpya ni kama 67,189 kwa mwaka, ile ya kitambo ilikua 56,420, na hapo bado anaomba ufadhili na mkopo kama mtoto wa yunivasiti. Tena wanachukua Januari, Mei na Septemba, hakuna kungoja mwaka uishe.

Kitu watu hawaambiwi ni kwamba diploma peke yake haikuruhusu kufanya wayaringi ya nyumba na kuitia sahihi, lazima utafute laiseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, unaanza zile daraja za chini kina C2 na kupanda. Wengi wanamaliza wanakaa bila hiyo karatasi halafu wanalia hakuna kazi, kumbe wanafanyia kazi mtu mwenye laiseni na yeye ndiye anakula.

Hobi aendelee nayo jioni. Hakuna mtu amekataza.

MamaWanja_Nax

Asante Baba Collo. Swali, kijana wako alikua anapenda hizo mambo tangu mdogo ama aliingizwa tu?

BabaCollo_Kondele

Hehe. Alikua anafungua redio yangu kila likizo, ilikua lazima niifiche.

Mwl_Nafula

Mulembe nyote. Baba Collo umejibu swali la Mama Wanja bila kujua, kijana wako alikua fundi kabla ya poli.

Mimi ni mwalimu huku Bungoma miaka mingi na naomba mtu asimweke mtoto Ualimu kwa sababu chuo kiko karibu na nyumbani. Mama Wanja usinikasirikie dada, lakini hiyo sababu yako ni ya nauli. Ualimu wa sekondari TSC, tume ya walimu, inataka C plasi kwa jumla na C plasi kwa yale masomo mawili utafundisha, kwa hivyo Historia na Kiswahili anaweza vizuri sana, hapo hakuna shida. Shida ni baada ya kumaliza. Walimu wa Historia na Kiswahili ndio wengi sana sokoni, wa Fizikia na Hesabu ndio wanatafutwa. Intani wa JSS, sekondari ya chini, analipwa elfu ishirini kabla ya makato, na kuna watu wamemaliza kitambo bado wako kwa hiyo foleni. Nampenda huyo mtoto kwa A mainasi ya Historia, ni gredi inatoka kwa mtu anasoma bila kusukumwa, lakini kufundisha darasa la watoto sitini ni kipawa kingine kabisa na mimi nimeona vichwa vikali vikichoka mwaka wa pili.

Halafu kuhusu zile alama za kukatia, naona wazazi wengi wanadanganyana kwa WhatsApp. Ile "cutoff" mnaona kwa potali haijapangwa na mtu. Ni alama za mtoto wa mwisho aliyeingia hiyo kosi mwaka uliopita. Mwaka huu wakiomba wengi inapanda, wakikimbia inashuka. Klasta ya juu kabisa ni 48 na inahesabiwa kwa masomo manne ya hiyo kosi pamoja na gredi zake za jumla, ndio maana mtoto mmoja anakua na klasta tofauti kwa kila kosi. Msimwekee kosi zote zenye anagusa mpaka wa mwaka jana kwa nukta, weka moja ya kuota, zingine weka zenye amepita wazi.

MzaziHalisi

Kwa heshima zote, tunajadili sarafu? Mtoto ana B na familia nzima inajadili mkebe wa biskuti. Hizi hobi ni za watoto wa matajiri. Uza hizo vitu ulipe karo. Nimeona kwa Facebook ile shilingi arobaini ya Kibaki inanunuliwa laki kadhaa.

jaduong_sarafu

@MzaziHalisi hapo ndio umenitoa shimoni, niko Kisumu na hii kazi ya kukusanya nimeifanya tangu nikiwa na nywele.

Hiyo shilingi arobaini ilitolewa 2003 kwa miaka arobaini ya uhuru, iko na sura ya Kibaki, na iko kwa droo za watu wengi sana. Mimi nilinunua yangu mia mbili kwa mama mmoja anauza vitu vya zamani Kibuye na alidhani amenilia. Hao wa Facebook wanakuambia watanunua milioni, halafu wanataka kwanza utume "pesa ya usajili" elfu mbili ama tatu kwa M-Pesa, ukituma wanaomba ingine ya "cheti", halafu nambari inazimwa. Hakuna mnunuzi wa kweli anaomba muuzaji pesa. Mwambieni binti, na mwambieni na babu yake pia kwa sababu wazee ndio wanaliwa.

Zile za kutafuta kwa Kenya zipo lakini si hizo. Kuna ile shilingi tano ya 1973, pembe tisa, ya miaka kumi ya uhuru, hiyo ukiipata shika vizuri. Pesa yetu wenyewe ilianza 1966, kabla ya hapo ni East Africa, na hizo za East Africa zenye shimo zilitengenezwa nyingi kabisa, ndio wazee walikua wanazifunga kwa kamba. Thamani yake ni ndogo isipokua ukipata miaka fulani na iwe haijaguswa. Noti za elfu moja za zamani, zile zilikataliwa 1 Oktoba 2019, benki haizitaki tena hata ukilia, lakini kwa albamu zinakaa vizuri. Za chini ya elfu za kizazi hicho hazikufutwa.

Mama Wanja sasa sikiza, hizo pakiti za njugu. Plastiki laini ya bei rahisi ikikaa miaka inatoa kitu kama jasho ya kijani na inakula shaba. Mwambie atumie karatasi ngumu kidogo aikunje bahasha ndogo, na asioshe sarafu na majivu wala ndimu wala dawa ya meno. Ikishasuguliwa inang'aa na inakua bure, mkusanyaji akiona mikwaruzo anarudisha. Ashike kwa ukingo, asiguse uso.

Na kuuza ili ulipe karo sahau. Mkusanyo wangu wote hauwezi kulipa hata semesta moja na mke wangu anajua hivyo ndio maana tunaishi kwa amani.

MamaWanja_Nax

Jaduong umeniokoa. Ameisoma hii akiwa nyuma yangu na saa hii anatoa zote kwa pakiti, sebule imejaa, na baba yake ndiye anamkatia karatasi. Sijui nicheke ama nilie.

Shiro_Lanet

Wacha niingilie ile ya Dallas kwa sababu mpwa wangu alipita huko na watu wanaielewa vibaya pande zote mbili.

Mjomba hajadanganya. Vyuo vingi vya Marekani vinatumia fomu moja inaitwa Common App, na ndani yake kuna mahali pa kuweka shughuli zako mpaka kumi, na esei ya maneno yasiyozidi 650. Wanasoma kweli. Lakini watu wa hapa wakisikia hobi wanafikiria ni pambo, wanaanza kumtafutia mtoto chesi, gita, kujitolea kwa nyumba ya watoto, vitu hajawahi kugusa, vyote ndani ya miezi miwili. Wanaosoma hizo fomu wanaziona nyingi kila mwaka, wanajua iliyopakwa rangi. Daftari la Wanja lenyewe ni esei tayari kuliko hizo zote.

Sasa upande mgumu. Mtoto wa Kenya anataka chuo kimlipie kila kitu, na vyuo vinavyompa mtoto wa nje msaada wote bila kuangalia kama familia ina uwezo wakati wa kumchagua ni vichache, kina Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na dunia nzima inaviomba. Watoto wetu wanaopita huko, hata wale wa kupitia KenSAP, ule mradi wa kusaidia watoto wa Kenya kuomba vyuo vya huko, ni wale wa A na A mainasi. B pleni si dhambi, lakini kwa huo mlango iko chini. Kuna vyuo vidogo vinaweza kumchukua na kumpa nusu ya karo, na nusu iliyobaki ya Marekani ni pesa huwezi kuipata ukiuza shamba la babu la Bahati na mahindi yakiwa ndani. Ongeza viza dola 185, ada ya SEVIS ya kusajili wanafunzi wa kigeni dola 350, mtihani wa Kiingereza, SAT ambayo ni mtihani wa kuingia vyuo vyao, nauli ya ndege. Na KCSE inaisha Novemba, matokeo Januari, kwa hivyo ukiomba mwaka huu unaanza Agosti ya mwaka ujao. Huo muda anafanya nini nyumbani? Mjomba analipa? Mwulizeni hivyo, kwa upole.

Ushauri wangu aombe ya hapa, aanze kusoma, na kama moyo bado uko Marekani aende na digrii ya kwanza mkononi atafute masters. Kwa masters kuna nafasi za kulipiwa ukifundisha ama ukisaidia utafiti.

Halafu kando kidogo, jaduong amenikumbusha. Kijana wangu alianza kuokota mawe meusi ya kung'aa kama kioo, yale ya kale ya kukatia, kila tukitembea huku nyuma ya Hyrax Hill, ile sehemu ya kale yenye makumbusho hapa Nakuru. Nikamrudisha nayo. Kuna sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, vitu vya kale vikitoka ardhini si vya kupeleka kwa droo yako. Sarafu ya babu ni yako, jiwe la Hyrax Hill ni la wote. Wenye watoto wakusanyaji wajue hiyo tofauti mapema.

kipro_254

Chamgei. Hakuna mtu amegusa ile mtoto mwenyewe amechagua, mnaijadili kama haipo.

Mimi nilisoma Information Science Moi, kampasi kuu ya Kesses, nafanya kazi ya rekodi kwa hospitali moja huku Rift. Watu wakisikia maktaba wanaona bibi wa miwani anasema shhh. Kazi ni hii, hospitali inatibu watu mia tano kwa siku, kila mmoja na faili, faili ikipotea mgonjwa anaanza upya, anapewa dawa iliyomdhuru mwaka jana. Masjala ya ardhi ni hivyo hivyo, faili ya shamba ikikosekana ukoo mzima uko kortini. Benki, kaunti, mahakama, yunivasiti, zote zinahitaji mtu wa kujua kitu kiko wapi, kilitoka wapi, nani alikishika mwisho. Sasa someni tena Mama Wanja alivyoandika kuhusu karatasi ndani ya kila pakiti. Nchi, mwaka, nani alimpa, alama. Na nakala ya pili kwa daftari. Hiyo sisi tulifundishwa mwaka wa kwanza na wenzangu wengine waliipata supu, yaani walirudia mtihani.

Baba anaona sarafu. Mimi naona mtu anayepanga.

Na msiseme hakuna Mkenya mkubwa wa kukusanya. Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili, 1966, alikusanya vitabu, stempu, kazi za sanaa, barua, mpaka mkusanyo wake uko pale Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue Nairobi, ile jengo ya kukutania. Vitabu vya kabla ya 1900 peke yake ni zaidi ya elfu nane. Watu wanapanga kukutana hapo mlangoni kila siku na hawajaingia. Hiyo idara iko na vituo pia Nakuru, Kisumu na Kakamega, Mama Wanja mpeleke siku moja aone watu wakifanya kazi yenyewe kabla muweke hiyo nafasi ya kwanza. Aulize maswali, aone kama anapenda vumbi.

Ubaya pia niseme. Serikali inaajiri polepole. Wenye wanapata haraka ni wale wameongeza kompyuta, kuskani, databesi, mambo ya sheria ya kulinda data ya 2019. Akitoka na cheti cha kupanga rafu peke yake atangoja sana.

MzaziHalisi

Sawa, hiyo ya hospitali sikujua. Lakini karo? Moi si Njoro, hapo kuna hosteli na chakula na Kesses ni baridi.

MamaWanja_Nax

Karo ndio tulikaa nayo jana, mzee akatoa kalamu. Kwa wale hawajafika hapo, mfumo huu mpya ulianza 2023, mtoto anaomba ufadhili na mkopo, wanawaweka kwa bendi tano kulingana na uwezo wa nyumba. Bendi ya kwanza ufadhili 70%, mkopo 25%, nyumba inatoa 5%. Bendi ya tano ufadhili 30, mkopo 30, nyumba 40. Na pesa ya matumizi inapewa kama mkopo, kuanzia elfu 40 ya bendi ya tano mpaka elfu 60 ya bendi ya kwanza kwa mwaka. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, riba 4%. Kesi imekua kortini huku na huku, Desemba 2024 Mahakama Kuu iliukataa huo mfumo, Rufaa ikasimamisha hiyo hukumu, kwa hivyo tunapiga hesabu na ule uko.

Sisi hatujui tutawekwa wapi. Mimi nauza nguo Top Market na mzee ni dereva wa lori, pesa inakuja na kukosa, na ile fomu inauliza mapato kama sisi wote tumeajiriwa. Tukiwekwa bendi ya nne kwa digrii, tunatoa 30% na hosteli juu. Poli hata tukiwekwa huko huko jumla yenyewe ni ndogo. Hapo mzee ananishinda na nakubali.

Na mtu wa kanisa alituletea yunivasiti ya kibinafsi, majengo mazuri sana. Tukauliza, ufadhili wa serikali hauendi huko, ni mkopo tu. Tukafunga hiyo brosha.

Mwl_Nafula

Mama Wanja msijaze hiyo fomu ya mapato kwa kukisia, na msimwachie mtoto wa saiba aijaze. Mkiona bendi si haki kuna rufaa, lakini rufaa inataka karatasi, kwa hivyo anza kukusanya sasa, barua ya chifu, rekodi za M-Pesa, risiti za shule za wadogo zake. Kwani wadogo zake ni wangapi?

MamaWanja_Nax

Wawili, mmoja Gredi 10.

mama_Gredi10_Webuye

Wa Gredi 10 nikaja mbio. Sisi ndio tuko mbele ya hayo yote, KCSE ya mwisho ni 2027 na hawa wetu hawataifanya, wameshachagua mkondo, wangu yuko Sayansi za Jamii, wengine STEM, wengine Sanaa na Michezo. Kitu inanishangaza ni kwamba mwalimu aliniuliza mtoto anapenda kufanya nini akiwa nyumbani, swali ambalo mimi kwa miaka yangu yote ya shule hakuna mtu aliniuliza. Nikasema anakusanya vifuniko vya soda. Mwalimu akaandika. Sijui aliandika nini.

Kwa hivyo hobi iingie kwa mazungumzo lakini isikae kiti cha mbele. Yangu ni hayo.

BabaCollo_Kondele

Nimesoma ya kipro mara mbili. Nabaki na poli yangu kwa pesa, lakini kama huyo msichana hajawahi kufungua redio mnamtafutia nini kwa umeme. Mwambieni mzee hivyo, mwambieni ni mimi nimesema.

Ama mfanye hivi, poli pia ziko na diploma ya mambo ya rekodi na maktaba, kuna chuo kadhaa huku magharibi, angalieni kwa potali. Anaingia kwa pesa kidogo, anamaliza, akipata kazi anajiendeleza digrii akiwa analipwa. Njia ndefu lakini haimnyongi mtu.

kipro_254

Baba Collo hiyo ni kweli kabisa, nusu ya wenzangu kazini walianza na diploma. Ila kwa B pleni akiwa na nafasi ya digrii mimi ningeanza na digrii kama bendi inaruhusu, kwa sababu kurudi shule ukiwa na mtoto na kodi ya nyumba, wengi wanasema mwaka ujao mpaka wanastaafu.

Shiro_Lanet

Na mjomba wa Dallas?

MamaWanja_Nax

Nilimuuliza kwa upole kama ulivyosema. Nikamwambia ndugu yangu, huo mwaka wa kungoja ni sawa, utatuma ngapi kwa mwezi. Mtandao ukapotea. Baadaye alituma ujumbe ati anaombea mtoto.

Leo asubuhi tumelipa ile 1,500 ya KUCCPS na tumejaza. Nafasi ya kwanza ni Information Science Moi, mzee amekubali kwa masharti mawili, kwamba likizo ndefu ya kwanza aende kozi ya kompyuta hapa mjini badala ya kukaa, na kwamba bendi ikitoka mbaya na rufaa ikikataa tunahamia diploma ya rekodi bila kilio. Umeme umetoka. Ualimu nimeuweka chini kabisa, Mwalimu Nafula usinitazame hivyo, ni wa kufunga fomu. Alhamisi nampeleka kile kituo cha kumbukumbu hapa Nakuru na akirudi hajapenda, dirisha la kubadilisha likifunguliwa tutabadilisha.

Sasa kipro, niambie ya Kesses. Hosteli za ndani zinapatikana kwa mwaka wa kwanza ama tutafute za nje mapema, na hizo za nje maji iko?

kipro_254

Mwaka wa kwanza ndio wanapewa kipaumbele ndani lakini vitanda vinaisha, siku potali ya hosteli inafunguliwa awe macho, asingoje siku ya kuripoti. Za nje angalia kama kuna tangi, usiulize mwenye nyumba, uliza mwanafunzi anaishi hapo. Blanketi anunuliwe huko Nakuru, Kesses bei ni ya mtu ameshaona unatetemeka. Na hiyo mkebe aache nyumbani mama, abebe daftari peke yake, hosteli vitu vinatembea.

jaduong_sarafu

Nakubaliana na kipro hapo kwa mkebe. Na zile za senti kumi, azitazame miaka moja moja leo kabla azifunge kwa bahasha, asije akafungia kitu bila kujua. Akikwama apige picha pande zote mbili aweke hapa.